Aya Moja, Swali Moja
(Mazungumzo ya redio)

Mabibi na mabwana, wasikilizaji wetu wapenzi, mliopo mijini na mliopo mashamba, nawaamkua nyote kwa taadhima. Ama baada ya salaamu, mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo kila mwenye kushika kalamu hukutana nalo apende asipende, nalo ni aya: vipi mtu ajue pa kuianzia, vipi ajue pa kuikomesha, na kwa nini waraka wa mtu mmoja husomeka kwa raha hata ukiwa mrefu, ilhali waraka wa mwingine, uliojaa maneno fasaha na mwandiko wa kupendeza, humchosha msomaji kabla hajafika katikati ya ukurasa wa kwanza.

Huenda mmoja wenu akauliza, na ana haki ya kuuliza, redio na aya zina ujamaa gani? Aya ni kitu cha macho. Ni ile nafasi iachwayo mwanzoni mwa mstari, ni ule weupe wa karatasi baina ya fungu na fungu, na hivi nisemavyo nanyi hamwioni karatasi yangu wala wino wake. Ni kweli, hamuoni. Lakini je, hapo nilipotoka katika salaamu nikaingia katika maudhui, hamkusikia ya kwamba nimevuka kitu? Mlisikia. Sauti ilitua kidogo, pumzi ikaingia, na yale maneno mawili, "ama baada", yakawapa ilani kwamba salaamu zimekwisha na habari inaanza. Hiyo ndiyo aya, na sikio limeijua kabla jicho halijaiona. Nawaombeni tulishike neno hili mapema, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanasimama juu yake.

Sasa tuulizane. Ukimwuliza mwanafunzi aya ni nini, atakujibu nini? Aghalabu atasema ni sentensi tano au sita zilizokaa pamoja. Mwingine atasema ni robo ya ukurasa. Na wapo watu wazima, makarani na waandishi wa ripoti, ambao hawatakujibu kwa ulimi, lakini ukizitazama karatasi zao utaona kwamba kwao aya hukoma pale mkono ulipochoka. Siwalaumu walimu waliofundisha hesabu ya sentensi, maana kanuni ya hesabu ni rahisi kusahihisha kuliko kanuni ya maana, na mwalimu mwenye madaftari arobaini mezani ana udhuru wake. Hata hivyo hesabu haisaidii. Sentensi sita zinazozungumza mambo sita si aya, na sentensi mbili zilizotimiza jambo moja ni aya kamili isiyohitaji kuongezwa hata herufi.

Mimi nitawapa kipimo kingine, nacho ni hiki: aya ni jibu la swali moja. Narudia, ili aliyekuwa akimimina chai naye asipitwe: aya ni jibu la swali moja. Msomaji, hata akiwa kimya, huuliza. Ukimwambia nyumba imeungua, atauliza imeunguaje; ukimweleza, atauliza kama kuna aliyedhurika; ukimjibu, atauliza wenyewe wamelala wapi usiku huo. Kila swali katika hayo lina aya yake, na mwandishi mwema ni yule anayelisikia swali la msomaji wakati wake, akalijibu mpaka likatosheka, kisha akanyamaza kitambo ili lije la pili.

Tena msidhani kwamba elimu hii imetujia pamoja na kiwanda cha kupiga chapa. Barua nyingi za kale za pwani yetu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuwa na weupe wa kutenga fungu na fungu. Mstari uliufuata mstari hadi ukingoni mwa karatasi. Lakini mpokeaji hakupotea, kwa sababu barua ile ilikuwa na nidhamu yake: kwanza jina la anayeandikiwa na sifa zake, kisha dua ya kumtakia umri na afya, kisha salaamu, halafu "wa baadu" au "ama baada", na hapo tu ndipo habari ikafunguliwa. Na habari nazo hazikurundikwa. Mwandishi alisema "na mintarafu ya shamba", akamaliza ya shamba. Akasema "na mintarafu ya deni", akamaliza ya deni. Alama yake ilikuwa neno mahali ambapo leo tunatumia weupe, na mtu aliyesomewa barua hiyo barazani, hata kama yeye mwenyewe hakujua kusoma, aliweza kuhesabu kwa vidole mambo aliyoandikiwa.

Na wasimulizi wa ngano je? Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alizichapisha London mwaka 1870 hadithi alizozipata vinywani mwa wenyeji wa Unguja, na mwenye kukifungua kitabu kile atakutana na maneno mawili yanayorudi na kurudi, "hata" na "basi". Hata asubuhi, hata siku ya tatu, hata walipofika mjini. Basi yule maskini, basi sultani. Mgeni asiyeijua lugha huweza kuyadhania kuwa ni maneno ya kujazia pumzi. La, hasha! "Hata" hufungua wakati mpya, "basi" hutoa tokeo la yaliyotangulia, na yote mawili humwambia msikilizaji kwamba tumefika mahali pa kutua.

Kuna jambo jingine ndani ya ngano hizo ambalo ni la thamani kwa mwandishi wa leo, nalo ni kazi ya vitenzi. Msimulizi husema "alikuwapo mtu", au "aliondoka nyumbani", na kitenzi hicho cha kwanza, kwa ile "li" yake, huweka msingi wa wakati. Kisha zinafuata "ka" nyingi kadiri atakavyo, akaenda, akaona, akachukua, akarudi, zote zikiegemea juu ya msingi ule mmoja. Habari inapogeuka, hurudi kwenye "li" na kuweka msingi mwingine. Msikilizeni bibi yeyote anayemhadithia mjukuu wake jioni hii, nanyi mtalithibitisha neno hili. Kwa hiyo mnapoandika kisa, mkajikuta mmeanza aya kwa "akaenda" bila ya kusema upya ni nani aliyekwenda na lini, jueni kwamba ama hiyo si aya mpya, bali ni mkia wa ile iliyotangulia, ama ni aya mpya iliyosimamishwa hewani.

Washairi wetu nao wamelijua jambo hili na kulitia katika sheria. Ubeti wa shairi hutakiwa ujitosheleze, maana yake usimtegemeze msomaji kwa ubeti unaofuata ili aelewe uliotangulia. Na beti zote pamoja hutakiwa ziwe na muwala, yaani mtiririko wa fikira usiokatika. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na mwaka huo huo Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha. Nimekuwa nikiona ajabu kwamba vitabu hivyo viwili vimezaliwa mwaka mmoja, kimoja kikimwekea mshairi mipaka yake, na kingine kikimwonyesha mwandishi wa nathari mfano tu, kisha kikamwachia hiari. Na kwa kweli kazi ya huyu wa nathari ni ngumu zaidi kwa upande mmoja: mshairi vina na mizani humwambia ubeti umekwisha, hata kama fikira yake bado inahangaika, ilhali wa nathari hana kengele ya kumlilia, na lazima aamue mwenyewe.

Sasa tuache nadharia, tuchukue mfano. Nimetunga barua ya watu wa mtaa fulani usio na jina, wanaoiandikia ofisi yenye dhamana ya maji, na nimejitahidi ifanane na barua zinazoandikwa kila siku. Nitaisoma polepole, nanyi sikilizeni, mjiulize wanataka nini.

"Bwana, sisi wakazi wa mtaa huu tunakuarifu kwamba bomba letu limeharibika na watoto wanachelewa shule kwa sababu ya kwenda kuteka maji kisimani, na kisima kiko mbali, na mwaka jana tulileta barua tusijibiwe, na fundi aliyekuja alisema koki imekatika lakini hakuwa na nyingine, na tunaomba pia taa za barabarani, na maji ya kisima yana chumvi, na tumechanga fedha za kununua koki ikiwa ofisi italeta fundi, na bomba liliharibika mwezi wa Ramadhani wa mwaka huu."

Haya, wanataka nini? Ninajua mmeelewa, maana nyote mmewahi kukosa maji. Lakini mfikirieni yule karani, ambaye asubuhi hiyo amekwisha kusoma barua nyingine nyingi, na ambaye yeye hana kiu. Hakuna neno baya katika barua hiyo. Hakuna kosa la sarufi. Kila sentensi ni ya kweli na kila mojawapo ina haki ya kuwapo, ila zimeingia kama zilivyomjia mwandishi kichwani, na kiunganishi "na" kimezifunga zote kwa uzi mmoja, mpaka koki na taa na chumvi zimekuwa na daraja moja.

Tumpe karani nafasi ya kuuliza. Swali lake la kwanza litakuwa: kumetokea nini? La pili: mnadhurika vipi? La tatu: tufanye nini pamoja nanyi ili maji yarudi? Maswali matatu, kwa hiyo aya tatu. Tuzigawe sentensi zetu. Bomba kuharibika, mwezi wa Ramadhani, fundi na koki: hayo ni ya swali la kwanza. Kisima, chumvi, watoto: ya swali la pili. Fundi anayeombwa na fedha zilizochangwa: ya swali la tatu.

Lakini ngojeni kidogo. Kuna mbili zimebaki mkononi. Taa za barabarani zinajibu swali gani? Hapana swali lolote kuhusu maji linaloitika kwa taa. Na ile barua ya mwaka jana? Bomba limeharibika Ramadhani hii iliyopita. Basi barua ya mwaka jana ililalamikia nini, ikiwa wakati huo bomba lilikuwa likitoa maji? Hapa ndipo tunapogundua kwamba barua ile ilikuwa ya taa, na kwamba mwandishi wetu, kwa uchungu wa kutojibiwa, ameichanganya na jambo lisilokuwa lake. Karani mwenye makini angeliona kasoro hiyo akaitilia shaka barua nzima. Asiye na makini angepeleka faili kwa mtu wa taa. Mnaona basi kwamba kuzigawa sentensi katika aya si kazi ya kupamba karatasi. Tulipouliza kila sentensi inajibu swali gani, tumelikuta kosa la fikira ambalo mwandishi mwenyewe hakujua analo. Taa tumeziondoa, pamoja na barua yao ya mwaka jana, na tutaziandikia waraka wao mbali. Sasa sikilizeni.

"Bomba la maji la mtaa wetu halitoi maji tangu mwezi wa Ramadhani. Fundi aliyekuja kulitazama aliona kwamba koki imekatika, lakini hakuwa na nyingine ya kuitia mahali pake.

"Tangu hapo tunateka maji katika kisima kilicho mbali, na maji yenyewe yana chumvi. Watoto ndio wanaotumwa asubuhi, na kwa sababu hiyo huchelewa shule.

"Tunaomba ofisi yako itupatie fundi. Fedha za kununua koki tumekwisha kuzichanga."

Maneno ni yale yale. Hatukuleta msamiati mpya wala methali.

Labda mmetambua jambo katika zile aya tatu: kila mojawapo imelitoa jibu lake katika sentensi ya kwanza, na sentensi iliyofuata ikaja kulieleza. Hapa pana ubishi, nami sitaukwepa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kubisha hodi. Hatuingii nyumba ya mtu tukataja haja yetu mlangoni. Huuliza hali, na hali ya watoto, na ya mvua, na haja ikaja mwisho, tena kwa kuomba radhi. Je, kuweka jambo mbele si utovu wa adabu? Jawabu langu ni kwamba adabu ina mahali pake, na mahali pake ni mwanzoni mwa waraka, katika salaamu, ambazo mimi sioni sababu ya kuzipunguza hata katika barua ya ofisi. Lakini ukikwisha kukaribishwa na kukaa, usibishe hodi tena katika kila aya. Msomaji anayesubirishwa hadi sentensi ya saba ndipo ajue aya inahusu nini amelazimika kubeba sentensi sita asizojua pa kuziweka.

Nabakisha barua moja nje ya kanuni hiyo, nayo ni ya msiba. Anayemwandikia mtu aliye mbali kumpa habari ya kufiwa, na aende polepole. Ataje maradhi, ataje siku zilivyokuwa nzito, ataje jitihada za waganga, na neno lenyewe alifikie mwisho wa aya. Hapo kuchelewesha ni huruma, na atakayemlaumu kwa kanuni za uandishi hajapata kuipokea barua ya namna hiyo.

Nizungumze sasa juu ya viungo, maana aya inaweza kuwa na swali lake moja na bado sentensi zake zikasimama kama watu wasiojuana. Lugha yetu imejaliwa upatanisho wa maneno ambao peke yake hufanya nusu ya kazi: ukitaja kitabu, "ki" yake itakufuata mpaka mwisho, na msomaji atajua unasema juu ya nini bila ya kukitaja tena. Lakini neema hiyo ina mtego wake. Mtu akiandika, "Kijana alichukua kitabu akakitia katika kikapu, kikachanika," kilichochanika ni kipi? Kitabu ni "ki", kikapu ni "ki", na kijana peke yake ndiye aliyeokoka. Mkiona majina mawili ya ngeli moja yamekaa karibu, rudieni jina, msione haya. Kulirudia ni bora kuliko kumwacha msomaji akisie.

Baina ya aya na aya, nako kuna mshono. Mwenye kusuka mkeka husuka kwanza ukili mrefu wa miyaa, kisha akaushona ukingo kwa ukingo, na mshonaji hodari hukaza uzi wake hata mkono ukipita juu usihisi pa kukwama. Kwa mwandishi, uzi huo ni maneno kama "hata hivyo", "kwa hiyo", "aidha", "licha ya hayo", lakini yana masharti. "Kwa hiyo" ni dai kwamba yaliyotangulia ndiyo yaliyozaa yanayofuata. "Hata hivyo" ni ahadi kwamba utapinga. Nimesoma hotuba zilizotapakaa "kwa hiyo" kila baada ya nukta, na nilipoitafuta sababu sikuiona. Wakati mwingi mshono mwema kuliko hayo yote ni kulichukua neno zito la mwisho wa aya iliyopita ukalitia katika sentensi ya kwanza ya aya mpya, au kulirejea jambo lake kwa neno fupi, kama tulivyoandika "tangu hapo" katika barua yetu, na msomaji akavuka bila ya kuambiwa kwamba anavuka.

Limebaki swali la urefu, na najua wengine wamelingoja. Aya iwe ndefu kiasi gani? Iwe ndefu kama jibu lake. Aya ya sentensi moja inafaa, hata mimi nimeitumia, lakini ni kama kuinua sauti: anayeinua sauti kila mara hasikiki tena. Na aya iliyojaza ukurasa mzima, mara tisa katika kumi, imeficha swali la pili ndani yake, na ukitafuta kwa utulivu utalikuta mahali ambapo mwandishi ameandika "pia" au "tena" akaingiza jambo jingine kimyakimya.

Kabla saa haijanifukuza, nina kazi ya kuwaachia. Chukueni waraka wowote mliouandika zamani, uwe wa ofisi au wa jamaa, na kando ya kila aya, katika pambizo, andikeni kwa penseli swali ambalo aya hiyo inalijibu. Liwe swali hasa, lenye alama yake ya kuuliza, msiandike "habari za shamba", andikeni "mavuno yalikuwaje?" Pakitokea maswali mawili, pigeni mstari pa kuitenga aya. Aya mbili zikijibu swali moja, ziunganisheni. Na mkiikuta aya ambayo, baada ya kuitazama kwa insafu, hamwezi kuipatia swali lolote, mwiteni mtu wa nyumbani, msomeeni, kisha mwulizeni alikuwa akitaka kujua nini alipoisikia. Akisema hakutaka kujua kitu, ifuteni.

Watakaopenda wanaweza kutuletea nyaraka zao pamoja na maswali ya pambizoni, nasi tutazisoma hapa bila ya kutaja majina.